Abdallah Saleh Farsy

Abdallah Saleh Farsy (Zanzibar, 12 Februari 1912 – Muskat, Omani, 9 Novemba 1982) alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, mwalimu, kadhi na mwandishi kutoka Unguja. Anajulikana hasa kwa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili, Kurani Takatifu, iliyotolewa kamili mwaka 1969. Alikuwa Kadhi wa Zanzibar kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1968 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mbali na tafsiri hiyo, Farsy ni kati ya watu wa kwanza waliowafikishia wasomaji wa kawaida wa Kiswahili mambo ambayo awali yalijadiliwa kwa Kiarabu darasani: hadithi ya Mtume inajulikanaje kuwa sahihi, nani aliipokea kutoka kwa nani, na desturi isiyo na hadithi sahihi ina hukumu gani. Kazi hiyo ilimletea wafuasi wengi, na pia upinzani mkubwa kutoka kwa watu waliosoma katika madarasa yaleyale aliyosoma yeye.

Maisha ya awali na elimu

Farsy alizaliwa wakati Zanzibar ikiwa nchi lindwa chini ya Uingereza. Watawala wa ukoo wa Busaidi walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, lakini Waislamu wengi wa visiwani na wa pwani walikuwa Wasunni wa madhehebu ya Shafi. Kwa sababu hiyo serikali ilikuwa na makadhi wa madhehebu yote mawili.

Mji wa Unguja ulikuwa kituo kikuu cha elimu ya Kiislamu katika Afrika Mashariki. Wanafunzi walifika kutoka Lamu, Mombasa, Barawa, Visiwa vya Komori na bara. Wanavyuoni wawili waliokuwa na sifa kubwa kuliko wote mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861–1925), mzaliwa wa Ngazija aliyekuwa kadhi wa Zanzibar, na rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir (1860–1925), mzaliwa wa Lamu aliyeanzisha chuo chake Ukutani katika Mji Mkongwe. Wote wawili walifariki mwaka 1925, Farsy akiwa na umri wa miaka 13.

Kwa hiyo elimu yao ilimfikia kupitia watoto na wanafunzi wao. Kati ya walimu wake walikuwemo Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir, mtoto wa Sheikh Abdallah, na Sayyid Umar bin Ahmad bin Sumayt, mtoto wa Sayyid Ahmad. Wakati huohuo alisoma shule ya serikali, akapata mafunzo ya ualimu. Elimu hizo mbili zilimjenga kwa namna mbili: darasa la msikitini lilimpa Kiarabu, fikihi, tafsiri na hadithi, na shule ikampa ufundi wa kufundisha watoto na wa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Wanavyuoni wengi waliomtangulia waliandika kwa Kiarabu, au kwa Kiswahili katika hati ya Kiarabu.

Kazi ya ualimu

Farsy alianza kufundisha katika shule za msingi za serikali mwaka 1933 na kuendelea hadi miaka ya 1940. Baadaye alikuwa mkaguzi wa masomo ya dini katika shule za Unguja na Pemba, kisha akaongoza shule iliyofundisha kwa Kiarabu. Aliendelea na kazi ya elimu hadi alipoteuliwa kuwa kadhi.

Alianza kutoa vitabu akiwa bado mwalimu. Mwaka 1942 aliandika habari za Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar aliyefariki mwaka 1856. Mwaka 1944 kilitoka kitabu chake juu ya maisha ya Imamu Shafi na wanavyuoni wakubwa wa Afrika Mashariki. Aliandika pia maisha ya Mtume Muhammad na vitabu vya mafundisho ya ibada, vikiwemo vya sala na saumu. Vitabu hivi vilikuwa vifupi, vya bei ndogo, na viliweza kusomwa na mtu asiyejua Kiarabu.

Elimu ya hadithi aliyoirithi

Ili kuelewa nafasi ya Farsy ni lazima kujua namna elimu ya hadithi ilivyokua kabla yake.

Hadithi ni habari ya neno, tendo au kukubali kwa Mtume Muhammad. Ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi walioipitisha habari hiyo mmoja kwa mwingine. Ya pili ni matini, yaani maneno ya habari yenyewe. Wanavyuoni huchunguza zote mbili, lakini uchunguzi huanzia kwenye isnadi.

Katika miongo ya kwanza baada ya kifo cha Mtume mwaka 632, masahaba walisimulia waliyoyaona na kuyasikia, na wengi wao walikuwa hai kuulizwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata kuuawa kwa khalifa Uthman mwaka 656, kila kundi lilitafuta hoja za kidini za kujitetea, na watu wakaanza kuzua maneno na kuyanasibisha na Mtume. Ndipo wanavyuoni walipozoea kumtaka kila msimulizi ataje aliyempa habari. Khalifa Umar bin Abdul Aziz, aliyetawala kuanzia 717 hadi 720, anatajwa kuwa aliamuru hadithi zikusanywe kwa maandishi, na Ibn Shihab al-Zuhri (aliyefariki 742) anahesabiwa kati ya wakusanyaji wa mwanzo.

Imamu Malik wa Madina (aliyefariki 795) aliandika Muwatta, ambamo hadithi zimechanganyika na matendo ya watu wa Madina na fatwa za wanavyuoni wake. Mwanafunzi wake Imamu Shafi (767–820) alipiga hatua nyingine. Alitetea kwamba hadithi iliyothibiti kwa wapokezi waaminifu ni hoja juu ya kila Mwislamu, na kwamba desturi ya mji au rai ya mwanachuoni haiwezi kuishinda. Kutoka kwake imenukuliwa pia kwamba ikithibiti hadithi sahihi, basi hiyo ndiyo madhehebu yake. Kanuni hii ina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki, ambako wengi wanafuata madhehebu ya imamu huyo.

Karne ya 9 ilikuwa wakati wa vitabu vikubwa. Muhammad bin Ismail al-Bukhari (810–870), mzaliwa wa Bukhara katika Uzbekistan ya leo, alikusanya hadithi zaidi ya 7,000, zikiwemo zinazorudiwa, kutoka katika habari nyingi mno alizozisikia safarini. Anajulikana kwa sharti lake kali: haikutosha kwamba wapokezi wawili waliishi zama moja, bali ithibiti kuwa walikutana. Muslim bin al-Hajjaj (aliyefariki 875) alitosheka na uwezekano wa kukutana, mradi mpokezi hajulikani kwa kuficha majina ya walimu wake. Pamoja na vitabu vya Abu Dawud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah, hivi ndivyo vitabu sita vinavyotegemewa zaidi na Wasunni.

Sambamba na vitabu vya hadithi vilikua vitabu vya wasifu wa wapokezi. Mwandishi alitaja mtu alizaliwa wapi, alifariki lini, alisoma kwa nani, nani walisoma kwake, na kama alikuwa mkweli na mwenye kumbukumbu nzuri. Kwa mfano, ikiwa mpokezi alidai kusikia kwa mwalimu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, mlolongo ulionekana umekatika. Kwa njia hiyo hadithi ziligawanywa kuwa sahihi, hasan (nzuri, chini kidogo ya sahihi), dhaifu na za kuzuliwa. Ibn al-Salah (aliyefariki 1245) alizipanga kanuni hizi katika kitabu kilichokuwa msingi wa masomo, nao Nawawi (1233–1277) na Ibn Hajar al-Asqalani (1372–1449) wakazifafanua. Wote watatu walikuwa wa madhehebu ya Shafi.

Baadhi ya hukumu zao zinagusa maneno yaliyo maarufu mno. Usemi unaohimiza kutafuta elimu hata China husikika sana katika hotuba za shuleni na mikutanoni, lakini Ibn al-Jawzi (aliyefariki 1201) aliuweka katika mkusanyiko wake wa hadithi za kuzuliwa. Maana ya maneno inaweza kuwa njema, lakini swali la mwanachuoni wa hadithi ni kama Mtume aliyasema.

Vitabu hivi vilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na wanavyuoni, hasa kutoka Hadhramaut na Hijazi. Mwanafunzi aliyemaliza kitabu kwa mwalimu wake aliweza kupewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha, ikiwa na majina ya walimu hadi kwa mwandishi wa kitabu. Hivyo mtu wa Unguja au Lamu alikuwa na mlolongo wake unaomfikisha kwa Nawawi au Bukhari.

Kitabu cha wanavyuoni

Kitabu cha mwaka 1944 ndicho chanzo cha kazi muhimu zaidi ya Farsy katika historia. Alikipanua, na mwaka 1972 kikatoka Mombasa kwa jina la Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika.

Kitabu hiki kinafuata namna ya vitabu vya wasifu wa wapokezi. Kwa kila mwanachuoni Farsy anaeleza ukoo wake, alikozaliwa, walimu wake, safari zake za kutafuta elimu, vitabu alivyofundisha, kazi yake, wanafunzi wake na mwaka wa kifo chake. Kati ya wanaotajwa ni Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, mzaliwa wa Barawa aliyekuwa kadhi wa Zanzibar na kufariki mwaka 1869. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa (aliyefariki 1894). Sheikh Abdulaziz al-Amawi (aliyefariki 1896). Sayyid Ahmad bin Sumayt. Sheikh Abdallah Bakathir. Na Habib Saleh wa Lamu (aliyefariki 1935), mwanzilishi wa msikiti na chuo cha Riyadha.

Habari nyingi alizipata kwa kuuliza wazee na watoto wa wanavyuoni hao. Bila kitabu chake, majina na tarehe nyingi zingepotea pamoja na waliozikumbuka. Mwaka 1989 mwanahistoria Randall Pouwels alikitoa kwa Kiingereza, na tangu hapo kimekuwa chanzo cha kawaida kwa watafiti wa historia ya Uislamu katika Afrika Mashariki. Watafiti wameona pia mipaka yake: kinashughulikia zaidi Unguja, Mombasa, Lamu na Komori, na wanavyuoni wa bara hawana nafasi kubwa ndani yake.

Tafsiri ya Kurani

Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, mmisionari Mwanglikana aliyefanya kazi Zanzibar. Ya pili ilitolewa Nairobi mwaka 1953 na jumuiya ya Ahmadiyya, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Waislamu wa Kisunni hawakuridhika na yoyote kati ya hizo. Ya Dale ilikusudiwa zaidi kuwasaidia wahubiri Wakristo, na maelezo ya ile ya Ahmadiyya yalifuata itikadi yake kuhusu Nabii Isa na kuhusu utume baada ya Mtume Muhammad.

Farsy alikuwa kati ya waliojibu kwa nguvu zaidi. Katika miaka ya 1950 alianza kutoa tafsiri za sura mojamoja, akaendelea hadi kazi ikakamilika. Kurani Takatifu ilichapishwa mwaka 1969 na Islamic Foundation ya Nairobi, ikiwa na matini ya Kiarabu, tafsiri na maelezo.

Katika maelezo hayo msomaji anakutana na njia ya Farsy. Aya inaelezwa kwa aya nyingine, kwa hadithi, kwa sababu ya kushuka kwake na kwa rai za wafasiri wa zamani, na mahali pengine anawajibu waziwazi Waahmadiyya na wamisionari. Lugha yake ni Kiswahili cha Unguja, kilicho karibu na mazungumzo ya mwalimu darasani. Tafsiri hiyo imechapishwa mara nyingi na imesomwa pwani na bara, pamoja na sehemu ambako darasa za Kiarabu hazikuwahi kuwa na mizizi mirefu.

Ukadhi Zanzibar na Kenya

Mwaka 1960 Farsy aliteuliwa kuwa Kadhi wa Zanzibar. Alikuwa katika kazi hiyo wakati wa uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili 1964. Baada ya Mapinduzi wanavyuoni wengi waliondoka visiwani, na taasisi za elimu ya dini zikapungua. Farsy alibaki hadi mwaka 1967, kisha akahamia Kenya.

Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akishika nafasi ya Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, na makao yake yakawa Mombasa. Cheo hicho kiliwahi kushikwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), mwanamageuzi aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930. Kwa namna nyingi Farsy aliendeleza njia yao: kuandika kwa Kiswahili chepesi, kuhimiza elimu na kukosoa desturi.

Mahakama za makadhi nchini Kenya husikiliza mashauri ya Waislamu kuhusu ndoa, talaka na urithi. Farsy alikuwa ameshaandika kitabu juu ya ndoa na talaka kabla ya kuhama, ili watu wazijue hukumu kabla ya kufika mbele ya kadhi.

Bid-a na mabishano

Mwaka 1977 Farsy alitoa kitabu kiitwacho Bid-a. Katika istilahi ya dini, bid-a ni jambo lililozushwa na kuingizwa katika ibada bila msingi wa Kurani au Suna. Kitabu hicho kilikosoa desturi nyingi za pwani, hasa zinazohusu mazishi, makaburi na sherehe za dini. Hoja yake kuu ilitoka katika elimu ya hadithi: mtu anayedai kuwa jambo fulani ni ibada anapaswa kuleta hadithi, na hadithi hiyo ipimwe isnadi yake. Umri wa desturi, au heshima ya aliyeifanya, hautoshi kuwa ushahidi.

Mgogoro uliofuata ulikuwa mchungu kwa sababu desturi hizo zilihusishwa na masharifu na masheikh wa tarika. Farsy mwenyewe alilelewa katika mazingira hayo, alisoma kwa walimu wa jadi hiyo na aliandika wasifu wao kwa heshima kubwa. Katika miaka yake ya mwanzo aliwahi hata kushughulikia tafsiri ya maulidi. Wapinzani wake waliuliza inawezekanaje mtu ajivunie mlolongo wa walimu wake kisha akatae waliyoyafanya. Walisema pia kwamba wanavyuoni wakubwa wa Kishafi, akiwemo Nawawi, waliruhusu hadithi dhaifu kutumika katika kuhimiza matendo mema, na kwamba wako waliogawanya bid-a kuwa njema na mbaya.

Wafuasi wa Farsy walijibu kwamba heshima kwa mwalimu ni kitu kimoja na hoja ni kitu kingine, wakirejea kanuni ya Imamu Shafi mwenyewe kuhusu hadithi sahihi. Pande zote mbili, kwa hiyo, zilisimama juu ya vitabu vilevile na madhehebu yaleyale. Tofauti ilikuwa juu ya uzito wa desturi iliyopokewa na wengi mbele ya matini iliyopimwa.

Mabishano hayo hayakuisha. Kuanzia miaka ya 1980 vijana waliosoma Saudia na kwingineko walirudi na msimamo mkali zaidi, na wengi wao walitumia maandishi ya Farsy. Hata hivyo wapo tofauti naye, kwani yeye alibaki mtu wa madhehebu ya Shafi na wa elimu ya Unguja, aliyewajua kwa majina watu aliowakosoa.

Miaka ya mwisho

Farsy aliacha kazi ya ukadhi mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaenda Omani, ambako waliishi watu wengi wenye asili ya Zanzibar waliohama baada ya Mapinduzi. Alifariki Muskat tarehe 9 Novemba 1982, akiwa na umri wa miaka 70.

Urithi

Farsy anakumbukwa kwanza kama mfasiri. Kwa Waswahili wengi wasiojua Kiarabu, Kurani Takatifu ilikuwa njia yao ya kwanza ya kuisoma Kurani na maana yake kwa lugha yao.

Kwa wanahistoria, kitabu chake cha wanavyuoni ni hazina isiyo na mfano katika Kiswahili. Kinaonyesha jinsi ufundi uliobuniwa karne nyingi zilizopita kwa ajili ya kuwapima wapokezi wa hadithi ulivyoweza kuhifadhi historia ya Afrika Mashariki.

Katika elimu ya dini, mchango wake ni kuwazoesha watu wa kawaida kuuliza ushahidi. Kabla ya wakati wake, mwanafunzi wa Kiswahili aliyetaka kujua kama hadithi ni sahihi au dhaifu alimtegemea mwalimu anayesoma Kiarabu. Baada yake, swali hilo liliulizwa msikitini, shuleni na nyumbani. Wengine wanaona jambo hilo kuwa mwamko, na wengine wanaona lilifungua mlango wa ugomvi kati ya watu wasio na elimu ya kutosha. Wote wanakubali kwamba Farsy ana nafasi kubwa katika mabadiliko hayo.